Picha iliyokwenda isirudi: jibu kwa msomaji wa Wete

Swali: Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi karibu na Wete, Pemba. Kaka yangu amenipa kamera iliyotumika, ina lenzi moja ya milimita 50. Nataka kupiga picha za maisha yetu ya kila siku, watu na kazi zao, na wanyama pia, kama zile za nchi za wenzetu ninazoziona kwenye simu. Lakini nikiinua kamera tu, wengine wanageuza uso, wengine wanasimama wima wamekaza shingo, na wengine wananiuliza nitawapa shilingi ngapi. Nifanye nini? Na picha za kwetu zinaweza kufika mbali?

Jibu: Mwanangu, kwanza nikutoe wasiwasi. Hao wanaogeuza uso hawaichukii kamera. Visiwa hivi vina mazoea ya zamani na picha. Wagoa, yaani watu wa asili ya Goa kule India, wa ukoo wa Gomes walikuwa na studio Unguja tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe. Watu walivaa nguo za Idi, wakajipaka manukato ingawa hayaonekani kwenye picha, wakaenda studio kwa miguu yao na kulipa kwa pesa zao. Muulize bibi yako. Huenda anayo moja sandukuni, imefungwa kwenye leso.

Lakini ilikuwapo picha ya namna nyingine pia. Wapigapicha wa mjini walitengeneza kadi za posta za kuwauzia wageni wa meli. Ukiziangalia zile za mwanzoni mwa karne ya 20 utawaona wachumaji wa karafuu, wachukuzi, wauza maji. Chini pameandikwa kazi ya mtu au kabila lake, jina lake hakuna. Aliyepigwa hakuiona picha ile, wala hakujua imekwenda kwa nani.

Basi hizo ndizo picha mbili tulizorithi. Katika ya kwanza mtu alichagua nguo, alichagua asimame vipi, akaondoka na picha yake mkononi. Ya pili ilikwenda isirudi. Unapoinua kamera, mtu anajiuliza kimoyomoyo wewe umekuja na ipi, na kwa kuwa watalii wengi wamemzoesha ile ya pili, anageuza uso. Hana kosa. Jibu lote nitakalokupa linatoka hapo: nataka upige picha za shambani na pwani, lakini kwa adabu ya studio.

Kwanza punguza upana wa jambo lenyewe. Maisha ya kila siku hayana mlango. Mtu anayezunguka kijijini na kamera akitafuta chochote anaonekana hana shughuli, na asiye na shughuli hutiliwa shaka. Chagua kazi moja uifuate tangu inapoanza hadi inapokwisha. Ningekuwa wewe, ningechukua karafuu bila kufikiri mara mbili. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiachia Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo kisiwa cha karafuu. Kwa hiyo unapiga historia ya nyumbani kwenu ikiwa bado inatembea.

Nenda kwa sheha, kiongozi wa shehia yako, eneo lenu dogo la utawala, umwambie unachotaka kufanya na kwa muda gani. Kisha nenda kwa mwenye shamba. Usiende peke yako mara ya kwanza, mchukue mjomba au shangazi anayejulikana pale. Siku za mwanzo kamera ibebe, lakini isiwe ndiyo inayotangulia. Toa salamu, piga hodi hata kama hapana mlango, kaa, uliza mavuno ya mwaka huu yakoje. Saidia kuchambua. Watu wakishakujua wewe ni yule binti wa picha za karafuu, tayari una shughuli, na swali la "unafanya nini hapa" limekwisha.

Halafu angalia mnyororo ulivyo mrefu. Watalii wanapiga kitu kimoja tu, jamvi lenye karafuu na mkono unaozitawanya. Lakini kabla ya jamvi kuna mchumaji aliyepanda mti mrefu, analivuta tawi kwa kijiti chenye ndoano huku mguu mmoja uko hewani. Kuna pakacha linaloshushwa kwa kamba. Kuna kuhesabiana jioni, pishi baada ya pishi, na uso wa mchumaji anapoambiwa zake ni ngapi. Usiku kuna kuchambua, nyumba nzima imeizunguka taa, karafuu huku na makonyo, vile vikonyo vyake, kule, vidole vimeshika weusi, bibi mmoja anahadithia. Kuna mbio za kukusanya majamvi mvua inapotishia, na hapo hata mzee aliyekuwa amelala baraza huamka. Kuna kituo cha ununuzi cha Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, mizani, risiti, mtu anahesabu noti akiwa amegeuka upande. Na baada ya pesa kuna bati jipya, deni la duka lililofutwa, harusi iliyokuwa inangoja msimu. Karafuu mbichi ikikauka hubaki kama theluthi moja ya uzito wake. Jaribu kuufanya upungufu huo uonekane, kwa picha ya gunia la mwanzo na gunia la mwisho la familia ileile. Nani amekwisha kupiga hiyo?

Hapa una jambo ambalo mimi, mwanamume, sinalo. Ule usiku wa kuchambua uko uani, na uani mimi siingii. Jikoni, chumba cha mwari, wanawake wakisukana na kupakana hina, hayo yote hayajapigwa vya kutosha na mtu wa ndani. Usilione jambo hili dogo. Lakini ndilo linalotaka uangalifu zaidi, kwa sababu mwanamke aliyekaa kwao bila mtandio amekuamini wewe, hajaiamini simu ya kila mtu. Muulize mara mbili: kama unaweza kupiga, na kama unaweza kuionyesha nje ya nyumba. Akikubali la kwanza na kukataa la pili, picha ni yake, mpelekee. Mara nyingi mikono peke yake itakutosha, au mgongo, au kivuli ukutani kwa mwanga wa taa.

Sasa wale wanaosimama wima. Waache wasimame! Wapigapicha wengi vijana wanakasirika, wanasema "usiangalie kamera, endelea na kazi," na hapo mambo ndipo yanapoharibika. Mtu anayejiweka sawa anakuomba picha ya studio, ni haki yake. Mpe muda afunge vifungo, avae kofia. Mpige vizuri, tena kwa bidii kuliko zote. Mwonyeshe kwenye kioo cha kamera. Mwambie hii nitaisafisha nikuletee. Akisharidhika atarudi kwenye kazi yake, na kwa kuwa haja yake umeitimiza atakusahau. Baada ya robo saa utapata zile picha ulizokuwa unazitafuta.

Kisha mpelekee kweli. Safisha picha ndogo kwa karatasi, usimtumie kwenye simu tu. Simu hupotea, karatasi hubandikwa ukutani. Hapa ndipo gharama yako kubwa itakapokuwa, na ningekushauri uiweke mbele kuliko lenzi mpya. Ukirudi shambani na bahasha ya picha, utaona watu wanavyokuja wenyewe. Asiyepigwa atauliza kwa nini hakupigwa.

Kuhusu pesa, nina msimamo na sitauficha. Usimlipe mtu papo hapo ili akubali. Ukimlipa mmoja, kesho unapiga picha za watu wanaofanya kazi ya kupigwa picha, na hiyo si kazi uliyokuja kuifuata. Lakini picha ikija kuuzwa, hoteli ikiitaka kwa tangazo au kampuni ikiitaka kwenye pakiti ya viungo, hapo aliye kwenye picha ana sehemu yake, na iandikwe. Mwaka 1936 mpigapicha wa Marekani, Dorothea Lange, alimpiga mama mmoja na watoto wake katika kambi ya wachuma njegere pale Nipomo, California. Alikuwa anafanya kazi ya serikali ya Marekani, na picha ile ikawa mali ya umma, ikachapwa duniani kote. Jina la mama hakuliuliza. Ilipojulikana mwaka 1978 kwamba ni Florence Owens Thompson, mwenyewe alieleza kwamba hakupata hata senti moja kwa picha ile na kwamba alitamani isingepigwa. Lange alikuwa mtu wa huruma, na picha ile ilisaidia kuleta chakula kambini. Hata hivyo aliyemo ndani yake aliishi zaidi ya miaka arubaini akiwa uso usio na jina. Uovu hauhitajiki ili jambo hili litokee, hutosha kutorudi tu.

Yako pia mambo ambayo hutayapiga, au utayapiga usiyatoe. Karafuu haziruhusiwi kuuzwa nje ya shirika la serikali, kwa hiyo picha ya magunia karibu na mashua usiku, hata kama hayana ubaya wowote, inaweza kumtia mtu matatani. Mtoto anayechuma siku ya skuli, vilevile. Fikiria nani ataitazama picha hiyo akiwa na madaraka juu ya aliyemo ndani yake. Na kambi za jeshi, bandarini na vituo vya polisi usiinue kamera bila ruhusa.

Nije kwenye mwanga, kwani lenzi yako ni nzuri na itakufaa. Milimita 50 itakulazimisha usogee, na ukisogea lazima mzungumze. Jua la Pemba ni kali na linakaa juu. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini kabisa, na msimu wa karafuu aghalabu unaikuta hiyo Oktoba. Saa sita mchana macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili meusi, na aliyevaa kofia hana uso. Piga hadi saa tatu na nusu asubuhi, kisha ungoje saa kumi. Mchana ingia kwenye kivuli, na chini ya mikarafuu kivuli kipo tele. Tatizo la chini ya miti ni mbingu. Ikichungulia baina ya majani, kamera inababaika kwa weupe ule na kumfanya mtu awe giza. Sogea mpaka nyuma ya kichwa chake uwe na shina au majani, mbingu itoke kabisa. Anza na ISO 800 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), tundu la lenzi f/4, kasi 1/250 ya sekunde, urekebishe kutoka hapo.

Pwani ni kinyume chake. Mchanga wetu ni mweupe sana, na kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani, basi inapunguza mwanga na uso mweusi unapotea. Ongeza mwanga kwa hatua moja kamili, ile +1 ya kamera. Mchanga ukiungua kidogo, na uungue. Anayetazama picha anamtafuta mtu. Maji ya chumvi pangusa kwa kitambaa kilichotiwa maji yasiyo na chumvi kidogo sana, halafu kikavu, siku hiyohiyo. Na kwa sababu ya unyevu wetu, weka kamera kwenye chombo kinachofunga barabara pamoja na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, la sivyo ukungu utaota ndani ya lenzi, na kuusafisha huweza kuwa ghali kuliko lenzi yenyewe.

Ukimaliza karafuu, fuata mwani. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, wanaokifanya wengi ni wanawake, na leo Pemba inazalisha zaidi kuliko Unguja. Picha yake iliyochosha unaijua: mwanamke kainama, kanga nyekundu, maji ya samawati. Nzuri kwa ukuta wa hoteli. Haikuambii gunia bichi lina uzito gani, wala linabebwaje kutoka majini, wala kilo inauzwaje. Kazi ile inakwenda na bamvua, maji yanapotoka mbali, kwa hiyo saa zako zitapangwa na mwezi. Ukikuta siku za bamvua ambazo maji yanakauka asubuhi mapema una bahati, mwanga na kazi vimekutana.

Mchezo wa ng'ombe, ule wa kumchezea dume uwanjani, sitausema kwa urefu. Inua kasi hadi 1/1000, na ukishapata pembe moja au mbili geuka upige watazamaji, hasa wanawake wanaoimba. Ng'ombe wamepigwa sana. Wale bado.

Wanyama umewataja mwishoni, lakini wanataka heshima ileile. Una mnyama wa kwenu ambaye hapatikani popote pengine duniani, popo wa Pemba, na pale Kidike utamkuta mchana amening'inia kwa mamia juu ya miti, ameufunika mwili kwa mbawa zake kama mtu aliyejitanda shuka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa anakaribia kutoweka, alikuwa analiwa na misitu yake ilikuwa inakatwa. Leo wapo maelfu, na sababu kubwa ni wanavijiji wenyewe waliokubaliana kumlinda. Utamwona mtu anapiga makofi au anarusha jiwe ili waruke, apate mbawa zilizofunguka. Usifanye hivyo, na anayekufanyia mkataze. Mchana ndio usingizi wao, na mama anayeruka kwa hofu huwa amebeba mtoto kifuani. Ngoja magharibi, wataruka wenyewe kwenda kutafuta matunda, na mbingu ikiwa nyekundu nyuma yao hutahitaji jiwe. Kisha wapige wale wanavijiji. Bila wao habari ya popo ni nusu.

Kupanga mnyama afanye unachotaka kumewaaibisha wakubwa. Mwaka 2009 shindano kubwa la picha za wanyamapori lililoandaliwa London lilimpa ushindi mpigapicha wa Hispania kwa picha ya mbwa mwitu anayeruka lango usiku. Mwaka 2010 waamuzi walimvua ushindi huo, walipoona kuna uwezekano mkubwa kwamba yule mnyama alikuwa wa kufugwa, aliyefunzwa. Kwa watu ni hivyohivyo. Ukimwambia mvuvi atupe wavu mara ya pili kwa ajili yako, andika kwamba umemwambia.

Naam, andika. Chukua daftari dogo. Kila jioni, kabla hujala, andika picha za siku hiyo: nani kama ameridhia jina lake litajwe, shehia gani, tarehe, anafanya nini, na chombo alichoshika kinaitwaje kwa lugha ya pale. Wazee wanaokijua kila chombo kwa jina lake wanatutoka, na picha bila maneno yao itakuwa kadi ya posta tu. Hifadhi nakala mbili, moja nyumbani kwako, nyingine nyumba nyingine kabisa.

Umeuliza kama picha zetu zinaweza kufika mbali. Zimeshafika. Mpigapicha Mohamed Amin alizaliwa Nairobi, akaanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka 1984 picha zake za Korem ndizo zilizoifanya dunia iione njaa ya Ethiopia. Alikuwa mtu wa upande huu. Lakini nakuomba uanze karibu. Maonyesho yako ya kwanza yafanye kijijini, zitundike kwa kamba na vibanio kwenye uwanja wa skuli wiki ya Idi, wenyewe waje wajione na wakusahihishe. Watakuambia jamvi lile si la fulani, mwaka ule hapakuwa na mvua, na daftari lako litanufaika. Kisha peleka seti moja kwenye makumbusho ndani ya ngome ya Chake Chake, na nyingine kwenye Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, uwaulize kama watazipokea pamoja na maelezo yake.

Baada ya hapo tuma popote. Chagua picha kumi au kumi na mbili za kazi moja zinazofuatana, usitume moja moja zilizotawanyika, kwa sababu wahariri wanataka kuona kama unaweza kukaa na jambo. Kabla ya kuingia shindano lolote, soma masharti hadi mstari wa mwisho. Yako yanayosema kwamba ukishatuma tu, mwenye shindano anaweza kuitumia picha yako kwa matangazo yake bila kukuuliza na bila kumuuliza aliyepigwa. Hayo yapite, hata zawadi iwe kubwa vipi. Ahadi uliyompa mchumaji chini ya mti huna ruhusa ya kumkabidhi mtu mwingine.